"Dada Yetu" Tangu Lini?

Mwaka 2024, ilipotoka A Quiet Place: Day One, makundi yetu ya WhatsApp hapa chuoni yalijaa picha za Eliane Umuhire. "Dada yetu kafika Hollywood!" Nilifurahi pia, sikatai. Kisha nikawauliza wenzangu: mmeona filamu gani nyingine aliyoigiza? Kimya. Mmoja tu alijibu kwamba hizo nyingine ni filamu za matamasha, hazina faida kwa mtu wa kawaida.

Kauli hiyo naipinga.

Katika filamu hiyo ya Marekani Umuhire ni Zena, nafasi ndogo. Mhusika mkuu ni Lupita Nyong'o. Tena hadithi yenyewe ni ya viumbe wanaowinda kwa kusikia, hivyo anayepaza sauti amekwisha. Yaani tumemshangilia mwigizaji wetu pale ambapo hawezi kusema! Alipokuwa akisema, tulikuwa wapi?

Mwaka 2017 aliigiza katika filamu ya Poland, Birds Are Singing in Kigali. Yeye ni Claudine, msichana aliyenusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na kufikishwa Poland na mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi na baba yake. Claudine si yatima mpole wa kuhurumiwa. Ana hasira, na shukrani anazotarajiwa kutoa hazitoki kirahisi. Tamasha la Karlovy Vary, katika Jamhuri ya Cheki, lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike pamoja na mwenzake Jowita Budnik. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Tukio la pili tumelijibia mitihani. La kwanza sijalisikia darasani hata siku moja.

Ikafuata Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Ilipigwa hapahapa Rwanda, hadithi yake iko Burundi, na ndani yake watu wanazungumza na kuimba kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Inahusu wachimbaji wa koltani na vijana wanaoingilia mitandao ya kompyuta. Umuhire ni Memory. Tuliitazama watu wanne kwenye simu moja, tukaisimamisha mara nyingi kubishana neno hili ni la lugha gani. Nilijifunza mengi kuhusu kuchanganya ndimi usiku ule kuliko katika makala tuliyopewa kusoma. (Wahadhiri wangu wataniwia radhi.) Mwaka 2023 akaonekana katika Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Humo ni Tshala, dada yake Koffi, mwanamume aliyetengwa na familia kwa kudhaniwa mchawi.

Najua mtasema filamu hizi hazipatikani kirahisi. Ni kweli, nami nimehangaika kuzitafuta. Lakini bando tunalomaliza kwa tamthilia za Kikorea lingetosha, na mahojiano yake hayahitaji hata tiketi. Anayemfuata mwigizaji kwa mahojiano na kwa filamu ndogo huona jinsi anavyochagua kazi. Anayesubiri filamu kubwa huona picha tu ya kuweka kwenye "status".

Hapa ndipo aibu inapotuangukia sisi wa Idara ya Kiswahili. Nimesoma mahojiano yake ya Kifaransa na ya Kiingereza. Ya Kiswahili sijaona hata moja. Tunalalamika kila semina kwamba Kiswahili nchini kwetu kimebaki cha sokoni na cha jeshini, halafu msanii aliyeigiza katika filamu inayozungumza Kiswahili tunamwachia waandishi wa Paris wamuulize wanavyotaka.

Basi muhula ujao, badala ya insha nyingine kuhusu umuhimu wa Kiswahili, wahadhiri wetu waturuhusu tumwandikie na kumwomba mahojiano. Maswali yangu ninayo tayari, na la kwanza linamhusu Memory.