Jasho Halisafishi Zebaki

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba mchimbaji mdogo wa dhahabu anayetoka jasho jingi duarani “anajisafisha sumu” amewaambia watu wa Nyarugusu na Mwakitolyo jambo la hatari. Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na kazi yake kubwa ni kuupoza mwili: karibu jasho lote ni maji na chumvi kidogo. Zebaki hutoka hasa kwa mkojo na choo, na figo huumia. Atasema vipimo vimewahi kuikuta zebaki ndani ya jasho. Ni kweli, lakini ni kidogo mno. Anayechoma donge la dhahabu na zebaki juu ya mkaa, bila kifuniko, anavuta mvuke ambao mapafu hunyonya takriban asilimia 80 yake. Jasho gani litaufidia?

Baya zaidi, hoja hiyo inageuza dalili kuwa sifa. Jasho jingi lisilo na sababu, pamoja na mikono kutetemeka, linaweza kuwa alama ya zebaki yenyewe; jasho linalolowesha shuka usiku, na kikohozi kisichoisha, ni dalili ya kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama wanaovuta vumbi la mawe kwenye karasha. Hatari hii inatambuliwa: Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mchimbaji mwenzetu, kapime mkojo na makohozi, tumia retoti (chombo kilichofungwa cha kuchomea donge), na usichomee donge jikoni wanakolala watoto.