Afya na Elimu: Ubao Uandikwao kwa Ajili ya Goti



Mwenye kuingia msikitini siku ya Ijumaa, iwe Kibaha au Kisarawe, ataona viti vimepangwa pembeni mwa safu. Wanaovikalia ni wazee wetu, wengi wao waliolima mihogo na korosho tangu ujana wao. Imamu akisujudu, wao huinamisha kichwa tu, kwani magoti hayakunjiki tena. Sheria imewapa ruhusa hiyo, wala hawapungukiwi na kitu. Hata hivyo, muulize mmoja wao, naye atakwambia kuwa anatamani kuligusisha paji lake chini kuliko anavyotamani chakula kizuri.

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya magoti hayo, na juu ya elimu mpya ambayo vijana wengi wameisikia nusu nusu. Wako wasemao kwamba imekwisha patikana sindano ya kuotesha goti upya. Wako wengine wasemao kwamba sindano hiyo hugeuza umbile alilotuumba nalo Mwenyezi Mungu. Maneno yote mawili si kweli, na kila moja lina madhara yake nyumbani: la kwanza humtia mtu mikononi mwa matapeli, la pili humkimbiza katika elimu yenye manufaa.

Kwanza tulijue goti lenyewe. Ncha za mifupa yetu zimefunikwa kwa gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, kama kile tukionacho kwenye kiungo cha mbuzi siku ya Idi. Ndani ya gegedu zimo seli chache zilizokaa mbalimbali, nazo ndizo zilitunzazo. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa sababu hiyo likichubuka haliponi upesi kama ngozi, na mtu huweza asihisi lolote mpaka uharibifu umekwenda mbali.

Tena maradhi ya viungo si namna moja. Kuna kuchakaa kwa gegedu, kuletwako na umri, uzito mwingi au jeraha la zamani. Kuna yale ambayo kinga ya mwili hukosea njia ikaushambulia utando wa ndani ya kiungo. Kuna jongo, na kuna mengineyo. Nyumbani twayaita yote baridi yabisi, lakini tiba zake ni mbalimbali. Ziko dawa za kuizuia kinga iliyokosea njia. Bali kwa gegedu lililokwisha chakaa, dawa tulizo nazo hupunguza maumivu tu, wala hazilirudishi lilivyokuwa.

Hapo ndipo elimu mpya inapoingia. Wazee wetu walisoma chuoni kwa ubao. Msahafu ulikaa mahali pake pa heshima. Mwalimu akanakili sehemu ndogo juu ya ubao, mtoto akaisoma akaihifadhi, kisha ubao ukaoshwa. Kuoshwa kwa ubao hakukuondoa herufi hata moja katika msahafu. Mfano wa seli zetu ni karibu na huo. Katika kiini cha kila seli mna maandishi ya asili, yaani DNA. Seli ikihitaji kutengeneza protini fulani, hunakili sehemu inayohusika katika RNA mjumbe. Nakala hiyo hutoka kwenye kiini, husomwa, protini hutengenezwa, kisha nakala huvunjwa. Mjumbe huyu alitambuliwa na wataalamu mwaka 1961.

Baadaye wataalamu waliuliza: je, twaweza kuuandika ubao sisi wenyewe na kuupeleka katika seli? Kizuizi kilikuwa kwamba mwili huiona RNA ya kigeni kuwa adui, ukawasha moto wa uvimbe. Na kiungo kigonjwa kimekwisha vimba. Hakihitaji moto mwingine. Mwaka 2005 Bibi Katalin Karikó, mzaliwa wa Hungaria, na Bwana Drew Weissman, wakifanya kazi pamoja huko Marekani, walionyesha kuwa ikibadilishwa kidogo moja ya herufi nne za RNA, seli haipigi kelele hiyo. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, na juu yake zilijengwa baadhi ya chanjo za korona zilizoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2020.

Sasa watafiti wanaijaribu elimu hiyo katika seli za viungo vya binadamu. Mgonjwa anapobadilishiwa goti hospitalini, vipande vya gegedu na utando vilivyotolewa, badala ya kutupwa, huweza kupelekwa maabara kwa idhini yake. Huko seli hutengwa, hukuzwa katika sahani, na kupewa RNA iliyorekebishwa, ili ionekane kama zitatengeneza protini ya kutuliza uvimbe au ya kulijenga gegedu. Msomaji atauliza: kwa nini isidungwe protini yenyewe? Ni kwa sababu protini nyingi zikidungwa kiungoni huondoka upesi. RNA huifanya seli yenyewe kuwa karakana kwa siku chache, kisha ubao ukaoshwa.

Matumaini yapo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walieleza kuwa walidunga RNA ya namna hii katika magoti ya panya, na uharibifu wa gegedu ukapungua mwendo. Lakini panya si mtu, na sahani ya maabara si goti la babu. Gegedu ni zito, halipenyeki kwa urahisi. Tena ujumbe huishi siku chache, na maradhi huishi miaka. Mpaka leo hakuna dawa ya RNA iliyoidhinishwa kutibu kuchakaa kwa viungo. Basi yeyote anayewauzia wazee wetu sindano ya namna hiyo anauza uongo.

Wala tusidhani kwamba habari hii ni ya wageni peke yao. Ugonjwa wa chikungunya, uletao homa na maumivu makali ya viungo yawezayo kudumu miezi, ulitambuliwa mara ya kwanza katika nchi yetu, upande wa Newala, mwaka 1952 na 1953. Jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika. Mwaka 2021 ilitangazwa huko Marekani kwamba watu wenye afya waliopewa RNA iliyorekebishwa walitengeneza wenyewe kingamwili dhidi ya virusi hivyo. Ugonjwa umepewa jina kwa lugha yetu. Je, dawa yake itafutwe bila sisi? Nasi twaweza kuanzia uani. Chikungunya huenezwa na mbu wazaao katika mitungi, makopo na matairi yenye maji, na pale Kibaha kipo kiwanda cha kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu.

Enyi vijana, hasa mliobahatika kusoma sayansi katika shule kama Sekondari ya Kibaha, maabara hizo zinawangoja. Nasi wazazi, siku daktari atakapotuomba idhini ya kutumia kipande kilichotolewa, tusikatae kwa hofu wala tusikubali kwa kuona haya. Tuulize kitatumiwa kwa kazi gani, nani atakihifadhi, na jina la mgonjwa litafichwa vipi, kisha tuamue.

Huku tukingoja, mzee wa nyumbani ana haki zake leo. Apelekwe hospitali ijulikane ni ugonjwa gani. Atembee kila siku kadiri awezavyo, kwani goti lisilotumika hudhoofika, na uzito ukizidi upunguzwe. Asipewe vidonge vya barabarani visivyo na jina: baadhi yake huchanganywa na dawa kali ambazo hutuliza maumivu upesi, kisha hupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Na kiungo kikivimba ghafula, kikawa cha moto pamoja na homa, asingoje kesho.

Na anapoketi kitini kusali, asionewe huruma ya dharau. Kijana na amwekee kiti chake mapema, kisha arudi kwenye masomo yake kwa bidii, huenda Mwenyezi Mungu akamjaalia kuwa miongoni mwa watakaomwondolea mzee huyo, au mjukuu wake, haja ya kiti.