Tuwatafute Wasiosimulia

Mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Wagonjwa walilala njiani siku kadhaa wakisubiri kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500, kutoka kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Ilisemwa kikombe hicho kinatibu kisukari, saratani, pumu, hata UKIMWI. Walikwenda maskini, wakaenda na viongozi. Wengine walifika kwa helikopta. Wapo waliofia kwenye foleni.

Sina neno baya kwa waliokwenda. Mzazi aliyekwisha uza ng'ombe kumtibu mwanawe haulizi mengi anapoonyeshwa tumaini la shilingi mia tano. Ninaowadai maelezo ni wenye kalamu na vipaza sauti.

Aliyerudi kwao akijisikia nafuu alihojiwa, akapigwa picha, ushuhuda wake ukasomwa nchi nzima. Aliyeacha dawa za kufubaza virusi kwa kuamini kwamba amepona, kisha hali ikamzorotea nyumbani, habari yake haikufika kwenye chumba cha habari. Tukawa tunasikiliza upande mmoja tu, na kadiri ulivyorudiwa ndivyo ulivyoonekana kuwa ushahidi. Swali lililotakiwa halikuwa gumu: kati ya wote waliokunywa, wangapi walipimwa kabla na baada, na hawa tusiowasikia wako wapi? Wataalamu wa serikali walipotangaza kwamba dawa ile ni salama kwa binadamu, wengi walisikia kwamba inatibu. Hata maji ni salama, lakini hayaondoi kisukari.

Siku hizi safari ya Samunge haihitajiki. Sauti ya mtu anayejiita daktari inaingia alfajiri kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: kunywa maji ya bamia, achana na vidonge vya presha. Aliyeituma ni shangazi, na ameituma kwa mapenzi. Hapo ndipo wengi tunapokwama, maana tumelelewa tukiamini kwamba kumhoji mkubwa ni kumvunjia heshima. Shule nazo zimetuzoesha hivyo hivyo: mwanafunzi husifiwa kwa kukariri jibu, ni nadra asifiwe kwa kuuliza limepatikanaje.

Toleo hili tumewaandalia wanaokwama hapo. Hatumfundishi mtu kukataa kila anachoambiwa. Mwenye tabia hiyo naye hajafikiri, na mwisho wake hukataa hata chanjo ya surua ya mwanawe. Shangazi anaulizika, tena kwa adabu: "Shikamoo shangazi. Huyu daktari yuko hospitali gani? Kuna unayemfahamu aliyeacha vidonge, akapimwa presha baada ya mwezi?" Na usingoje ajibu kwenye kundi. Mpigie simu asubuhi hiyo hiyo, uhakikishe kwamba vidonge vyake vya leo amekwisha kuvimeza.