Tuulizwe Kabla Jalala Halijachimbwa

Ndugu zangu wa Butembo na Beni, mvua ikinyesha alasiri moja tu, tazameni yanayoteremka na maji kutoka mitaa ya juu: maganda ya ndizi na ya mihogo, chupa za plastiki, nguo kuukuu, sashe nyeusi za plastiki zilizofungwa mafundo zenye mambo ambayo muungwana hayataji. Yote hayo yanashuka bondeni, na bondeni ndiko ziliko chemchemi. Pale mama amepanga bidoni yake ya manjano akingoja zamu, na hatua chache juu yake, kwenye mteremko, ndipo majirani walipozoea kumwaga taka. Butembo ni mji wa vilima, na nyumba zisizo na maji ya bomba ni nyingi mno. Anayetupa taka kilimani anazitia katika kikombe cha mwenzake.

Siandiki ili kupinga jalala. Miji yetu inalihitaji, tena upesi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya wilayani Beni yamewatoa watu mashambani na kuwaleta mjini. Mwaka 2024 vita vya waasi vikapanda hadi Kanyabayonga, wengine wakakimbilia kwetu kutoka upande wa Lubero. Goma ilipotekwa Januari 2025, ofisi za jimbo zikahamia Beni. Hawa wote ni ndugu zetu, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kukimbiza roho yake. Lakini kila anayekula anaacha maganda, na mitaro iliyochimbwa kwa ajili ya wachache sasa imebeba taka za umati. Ninalouliza ni hili: mahali pa jalala patachaguliwa na nani, na mwenye shamba la jirani atajuaje?

Tuangalie ramani. Butembo imezungukwa na ardhi za kichifu za Bashu na Baswagha. Beni nayo inapakana na vijiji vya sekta za Beni-Mbau na Ruwenzori. Mji ukikosa nafasi ndani utaitafuta nje, yaani kwa mwanakijiji ambaye hakuzitoa taka hizo na wala hana kiti katika ofisi ya meya. Na huko nje kwenyewe hakuwezi kuwa mbali sana siku hizi. Dereva gani atakubali kupeleka lori la taka mahali ambapo wakulima wameuawa wakiwa na majembe mikononi? Kwa hiyo ninahofia kwamba jalala litasogezwa karibu, na likisogezwa karibu litaangukia mtaa wa maskini au bonde ambalo halina msemaji. Meya wa Butembo, meya wa Beni, machifu na wakuu wa sekta hawana budi kuketi mkeka mmoja. Miji hii miwili haifiki hata kilomita 60 kati yake, barabara ni moja, na biashara ni moja. Kila mmoja akipanga peke yake, mzigo utasukumwa tu kutoka mlango huu hadi ule.

Uamuzi wa ofisini tunayajua matunda yake. Ebola ilitangazwa Agosti 1, 2018 huko Mangina, ikaisha Juni 25, 2020, baada ya kuua watu 2,287. Magari yalikuja, mahema yakajengwa, wageni wakaanza kazi, na mwananchi hakuelezwa vya kutosha ni kitu gani kinafanyika katika mtaa wake. Uvumi ukajaza nafasi hiyo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa moto. Waliovichoma siwatetei hata kidogo, kwani waliwakosesha tiba wagonjwa wao wenyewe. Lakini kiongozi mwenye busara hujifunza kutoka hapo. Mambo yalianza kulainika pale wachungaji, wazee wa mitaa, mama wa soko na vijana wa pikipiki walipoingizwa katika kazi yenyewe. Na tulibadilika! Ndoo za maji ya klorini zilikaa mbele ya kila duka na kila kanisa, na mtoto mdogo hakupita bila kunawa. Mji uliojifunza kunawa mikono kwa hofu ya kifo unaweza pia kujifunza mahali pa kuweka taka zake.

Wafanyabiashara wetu wanaopita Kasindi kwenda Kampala wamesikia habari za jalala la Kiteezi. Jalala lile lilifunguliwa mwaka 1996. Taka zikapandishwa juu ya taka, mwaka baada ya mwaka, na nyumba za watu zikasogea hadi miguuni pake. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule ukaporomoka na kufukia watu wakiwa majumbani mwao. Zaidi ya 30 walikufa. Sisi tuna mvua karibu mwaka mzima, tena tuna miteremko mikali. Jalala la kweli halianzi na shimo. Linaanza kwa kupima udongo na kujua maji ya ardhini yanaelekea wapi. Chini yake huwekwa tabaka la udongo wa mfinyanzi au turubai nzito, na mifereji ya kukusanya yale maji meusi yanayotoka katika taka zinazooza. Taka hufunikwa kwa udongo kila siku, zisizae nzi wala kushika moto. Sindano na bandeji za hospitali zina tanuru lake, hazichanganywi na za jikoni. Pasipo hayo, mtakuwa mmehamisha uchafu tu na kuuita mradi.

Nasi wananchi tusijifiche nyuma ya serikali. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, tunazibua mtaro, tunarundika matope na sashe pembeni, tunarudi nyumbani tumeridhika. Mvua ya jioni inavirudisha vyote mtaroni. Kazi ya asubuhi nzima imepotea kwa sababu hakuna aliyepanga lori la kubeba. Katika miji mingi ya Afrika zaidi ya nusu ya taka ni vitu vya kuoza, na sisi ni watu wa jembe: maganda na majani ya sokoni ni mbolea ya maharage na kahawa zetu. Mama anayetenga maganda nyumbani kwake amekwisha kupunguza jalala kabla halijachimbwa. Kuhusu sashe, amri ya serikali ya Desemba 30, 2017 ilikataza kuzitengeneza, kuziingiza, kuziuza na kuzitumia. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008 na ikasimamia neno lake. Kwetu zinauzwa mchana kweupe, nasi tunazipokea.

Ibara ya 53 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na inaongeza kwamba ana wajibu wa kuyatetea. Basi tuyatetee. Twendeni kwa shefu wa kartye, kwa burugumesta, hadi kwa meya, bila mawe na bila matusi, tudai ramani ya mahali panapokusudiwa ibandikwe ofisini, parokiani na sokoni. Tudai ripoti ya wapimaji isomwe kwa Kiswahili na Kinande, si kwa Kifaransa cha makaratasi peke yake. Mama wa soko la Kilokwa anayelipa ushuru aambiwe ni sehemu gani ya fedha yake inayobeba taka. Gavana yupo Beni sasa. Safari ya kumfikia si ndefu. Na wenye kuchota maji chini ya mahali hapo wawe wa kwanza kuulizwa, kabla ya mkandarasi na kabla ya mfadhili, na wakikataa kwa sababu ya chemchemi yao, patafutwe pengine.