Kanda, albamu au flashi: tuandike nini kwenye risiti?

Bendi ikitoa kazi mpya, habari huvuka mpaka kabla ya kazi yenyewe. Lakini mfanyabiashara anayetaka kuinunua ili akaiuze upande wa pili hukutana na majina mengi. Mmoja atamwambia kanda mpya imetoka, ingawa kanda haipo. Mwingine atasema sidii. Wa tatu atasema albamu, na kijana mwenye kompyuta pale stendi atamwambia kwamba ngoma zote ziko kwenye flashi. Huenda wote wanazungumzia kitu kimoja. Huenda pia kila mmoja ana kitu chake, chenye bei yake na mwenyewe wake. Wengine wataona ni suala la maneno tu, lakini ni suala la fedha.

Majina haya yalitokana na vyombo vilivyobeba muziki. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake iliwekwa kwenye santuri ambazo kila upande ulibeba kama dakika tatu tu. Kusema "santuri" kulikuwa ni kusema nyimbo mbili. Hata zilipokuja singo ndogo, bendi zetu za rumba na benga zilikuwa zikikata wimbo mrefu vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa nyuma. Mnunuzi alijua anachobeba kwa kuishika tu mkononi.

Neno albamu nalo lina historia yake. Mwanzoni lilikuwa kitabu chenye mifuko ya kuhifadhia santuri kadhaa, kama albamu ya picha. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilipoleta elpii, nyimbo zilizojaza kitabu kizima zikaenea kwenye sahani moja. Kitabu kikapotea, jina likabaki. Kanda nayo imepita njia hiyo hiyo. Kaseti ililetwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na baadaye ikaisukuma santuri nje ya maduka yetu. Leo kaseti zenyewe zimekwisha, lakini wapo wanaoendelea kusema bendi "imetoa kanda".

Katika maongezi hakuna ubaya. Ukisema "kibao kipya" Dar es Salaam au Nairobi, utaeleweka. Tatizo linaanza neno hilo linapoingia kwenye makubaliano. Chukua mfano wa bendi iliyomuuzia msambazaji "kanda" yake miaka ya tisini. Je, alinunua haki ya kuuza kaseti tu, au alinunua nyimbo zenyewe? Sasa nyimbo hizo zinasikilizwa kwenye intaneti. Msambazaji atasema ni zake kwa kuwa alinunua kanda. Mwanamuziki atasema alichouza ni kaseti, na kaseti zimekwisha. Kila mmoja ana hoja, kwa sababu karatasi ilitaja chombo ikasahau kilichomo.

Wewe unayevuka Namanga, Busia au Mutukula na mzigo uko katikati ya ugomvi huo. Ukinunua flashi 50 zenye nyimbo za bendi, umenunua nakala 50. Hukununua ruhusa ya kumjazia kila mteja simu yake kwa bei ya soda. Anayekuuzia asipokuandikia hivyo, na wewe usipouliza, siku mwenye nyimbo atakapokuja na sheria mkononi hutakuwa na cha kumwonyesha.

Forodha nayo ina macho yake. Katika orodha ya ushuru inayofuatwa duniani, santuri, kanda, sidii na flashi zimewekwa chini ya namba moja, 8523, ziwe zimerekodiwa au ziko tupu. Afisa anakagua chombo. Mwenye nyimbo yeye anadai kilichomo. Ukiandika "muziki" peke yake kwenye karatasi, hujamjibu yeyote kati yao. Hata stempu za kodi ambazo Tanzania iliamua zibandikwe kwenye bidhaa za muziki na filamu zilihitaji kasha la kubandikwa. Faili inayorushwa kutoka simu hadi simu haina kasha.

Wapo watakaosema soko litajichagulia maneno yake, tuliache. Soko limeachwa tangu santuri ya Siti, na limetupatia neno jipya kila chombo kilipobadilika. Safari hii jambo ni zito zaidi, kwa sababu bendi nyingi siku hizi hutoa wimbo mmoja mmoja, kisha mwishoni huzikusanya na kuziita albamu. Muuzaji aliyelipia kila wimbo anaweza kuuziwa nyimbo zile zile mara ya pili kwa jina jipya.

Napendekeza tufanye hivi. Kazi yoyote mpya ya bendi tuiite toleo, liwe na wimbo mmoja au ishirini. Neno hilo ni letu, linaeleweka pande zote za mpaka na halijafungwa na chombo chochote. Kisha tutaje idadi ya nyimbo, kwa kuwa "albamu" ya huyu ni nyimbo nane na ya yule ni kumi na tano. Tatu, tutaje chombo: sidii, flashi au faili. Nne, ambalo ndilo lenye fedha, tuandike haki iliyouzwa: kuuza nakala hizi tu, au kunakili zaidi, kwa muda gani na katika nchi zipi. Risiti isomeke hivi: toleo jipya la bendi fulani, nyimbo nane, kwenye flashi, nakala 50, bila ruhusa ya kunakili. Ni mstari mmoja tu.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingefanya jambo jema kama ingekaa na vyama vya wanamuziki na vya wafanyabiashara wa mipakani, ikatoa orodha fupi ya maneno haya. Wakati tunaisubiri, hakuna anayekuzuia kuanza na kitabu chako cha risiti. Safari ijayo muuzaji akikuambia kanda mpya imetoka, muulize ina nyimbo ngapi, iko kwenye nini, na anakuuzia nakala au ruhusa. Akishindwa kujibu, usitoe pesa kwanza.