Punje ikatwe vizuri kabla ya kununua mashine

WAFANYABIASHARA wa mahindi wa Mbeya na Iringa wana sababu ya kuikumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu. Zuio liliondolewa kwa masharti baada ya siku chache. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2016, sumu hiyo iliua watu 20 Dodoma na Manyara.

Tangu hapo linaloulizwa zaidi ni gunia lina sumu kiasi gani. Lipo swali jingine: ndani ya punje, imekaa wapi? Mahindi yaliyoshambuliwa yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hufuata ganda na kiini. Mla sembe hupata nafuu, pumba zinakwenda kwa kuku na ng'ombe, na ng'ombe huirudisha kwa watu kupitia maziwa.

Spektrometa ya tungamo inayochora picha inaweza kuonyesha sumu ilipo, nukta kwa nukta. Lakini huhitaji kipande cha unene wa maikroni 10 hadi 30, wakati unywele una kama 70. Hapo ndipo kazi huharibika. Punje kavu ni ngumu kama kokoto. Kisu kikipita, wanga hupasuka na kiini hung'oka. Fundi mwenye haraka huilowesha ilainike. Kosa! Fumonisini, sumu nyingine ya kuvu wa mahindi, huyeyuka kwenye maji, na picha itaionyesha mahali ambapo haikuwapo. Gundi ya kugandishia iliyozoeleka katika maabara za hospitali nayo hufunika ishara za punje. Wanaojua huizungushia punje jelatini, huigandisha upesi, kisha hubandika utepe juu yake kabla ya kukata ili kipande kisisambaratike.

Picha hiyo haitaamua gunia lipite Namanga au lirudi. Kwa hilo sampuli husagwa na kupimwa kwa jumla. Itamsaidia mwenye kinu kujua akoboe kiasi gani, na mfugaji kujua ananunua pumba za namna gani.

Ni vyema basi TARI Uyole na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya waanze na maikrotomu, friza na mafundi wawili watatu wa kukata. Mashine yenyewe ni ya bei kubwa na inaweza kusubiri, kwani vipande vinaweza kupelekwa kwenye maabara inayoimiliki. Punje za majaribio hazitakosekana. Magala ya Mbozi na Mufindi yanazo.