Reli ya njia moja: ni treni gani ingojee ingine?

Kati ya Kalemie na Kabalo kuna kilometa 273 za reli iliyomalizika 1915, na treni zote, zinazokwenda na zinazorudi, zinapita kwenye njia ileile. Wakaaji wa Tanganyika na Maniema wamezoea kuambiwa "treni inangoja kupishana", na wengi wanadhani ni uzembe tu. Mara ingine ni uzembe kweli. Lakini nyuma yake kuna hesabu, na ni ngumu kupita vile inaonekana.

Treni mbili zinapishana tu pale kuna njia ya pembeni, mara nyingi kwenye gare. Moja inaingia pembeni, ingine inapita. Tuseme treni yenye abiria na ndagala kutoka Kalemie imechelewa masaa 3. Ile ya kutoka Kabalo ingojee palepale ilipopangiwa, ao isonge mpaka gare inayofuata? Ikisonga, inafungulia treni iliyo nyuma yake, lakini ile ya ndagala itasimamishwa tena. Na kama njia ya pembeni ni fupi kuliko treni zote mbili, hapo hakuna kupishana, hata shefu wa gare afanye nini.

Kila mkutano ukiwa na majibu mawili, mikutano 10 inatoa namna 1.024 za kupanga. Mikutano 20 inapita milioni moja, 30 inapita miliari moja. Ndiyo maana wataalamu wengi hawatafuti ratiba iliyo bora kabisa. Wanatafuta iliyo nzuri ya kutosha, ipatikane kabla treni hazijakutana.

Unaanza na ratiba yoyote. Unabadilisha mkutano mmoja, unajumlisha masaa yote ya kungoja. Yakipunguka, unashika hiyo. Shida ni kukwama: kila badiliko dogo linaharibu, kumbe ratiba nzuri zaidi iko mbali kidogo. Kwa hiyo programu zingine zinakubali kuharibu kwanza, huku zikikumbuka yaliyokwisha kujaribiwa ili zisizunguke palepale. Zingine zinachukua ratiba mbili na kuzichanganya, sawa mfugaji anavyochagua mbegu. Huko Australia, Higgins, Kozan na Ferreira walizilinganisha namna hizo mwaka 1997, kwa reli za njia moja kabisa.

Kwa SNCC, ugonjwa wa kwanza ni reli iliyozeeka na lokomotivu chache, na hiyo programu haitengenezi. Ila hata hizo treni chache lazima mtu aamue ipi ingojee, iwe kwa kompyuta, iwe kwa kalamu na simu.

Na kompyuta inahesabu tu kile imeambiwa. Saa moja ya kungoja ya behewa la madini, na saa moja ya abiria: mtu ndiye anaandika bei ya kila moja. Madini yakipewa bei kubwa kupita kiasi, mama wa ndagala atalala Nyunzu kila safari, na programu itaonyesha kwamba ratiba iko sawa.